Kiwanja cha Mapera Hakikuibwa

Nimekisoma kijitabu chenu, wajukuu. Nimekisoma chote, miwani yangu ikiwa imefungwa kwa uzi upande mmoja, kuanzia jalada hadi tangazo la fundi cherehani kule nyuma. Picha ya shule imetoka vizuri. Majina ya walimu wakuu mmeyapanga vizuri. Lakini ukurasa wa tisa mmeandika hivi: "Hapo zamani shule yetu ilikuwa na kiwanja kikubwa kilichozungukwa na mapera, lakini watu wa sukari wakakinyang'anya." Nilipofika hapo niliweka kijitabu chini, nikaenda nje nikalisha kuku, nikarudi, na hasira bado ilikuwa ileile.

Nani aliwaambia maneno hayo? Mlimuuliza nani? Mimi nakaa hapa hapa, nikikohoa mwalimu wa darasa la kwanza ananisikia, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza. Halafu sasa mnamtuma Brenda, mjukuu wa dada yangu, na daftari jipya: "Kukhu, bibi yetu, tuandikie ukurasa mmoja tu juu ya kazi yako ya jamu. Kitu kitamu. Watu wanapenda mambo ya zamani." Kitu kitamu! Brenda, mimi nimepika jamu tangu mama yako hajazaliwa. Najua utamu unavyotengenezwa, na najua unavyoweza kufunika tunda lililooza. Sitaandika ukurasa mmoja. Nitaandika mpaka nimalize, nanyi mtachapa yote au mnirudishie maneno yangu.

Kwa wale waliohamia juzi, wanaojenga vyumba vya kupangisha kando ya barabara ya Malava, mimi ni Rasoa. Nilistaafu nikiwa mwalimu wa kuhifadhi matunda kule Kakamega mjini, nikifundisha akina mama kupika jamu, kukausha mananasi na kutengeneza achari ya maembe. Lakini kazi yenyewe sikujifunzia mjini. Nilijifunzia hapa, nyuma ya kanisa, mahali ambapo leo mmeegesha pikipiki zenu.

Hapo palikuwa na jiko la akina mama. Nyumba ya udongo, bati juu, meko matatu ndani. Tulikuwa kumi na wawili, na mkubwa wetu alikuwa Mama Dorika, mjane mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo hukutaka kuisikia ukiwa umekosea. Alipokuwa msichana alifanya kazi katika nyumba ya wamisionari, na huko ndiko alikojulia jamu. Wenyewe walipoondoka walimwachia sufuria mbili kubwa za kupikia. Ujuzi hawakumwachia, alikuwa ameshauchukua zamani.

Kati ya kanisa na shule ndipo kilipokuwa kiwanja. Pande tatu zake zilikuwa mipera mitupu. Hakuna aliyeipanda. Watoto walikula mapera wakatema mbegu, ndege nao wakaongeza zao, mipera ikaota mpaka ikawa ua. Ikifika wakati wa mapera kuiva, harufu inaingia mpaka darasani, na mwalimu wa hesabu anafunga madirisha akifoka kwamba watoto hawawezi kugawanya wakiwa wanameza mate. Alikuwa na haki. Hata mimi nisingeweza.

Ngoja niwaambie jamu ya mapera inavyopikwa, maana nimeona mnavyopika siku hizi. Mnamwaga unga wa pakiti ndani ili igande, mnaangalia simu, mnakoroga, mnaangalia simu. Aibu! Pera lenyewe lina kila kitu. Ukichuma, usichume yaliyoiva peke yake. Yale ya njano yanaleta harufu na rangi, lakini hayagandi. Changanya na yale ambayo bado yanakataa kidole ukiyabonyeza. Mama Dorika alikuwa anabonyeza moja moja, na ukimletea kikapu cha mapera laini matupu anakiangalia, anakuangalia wewe, anasema, "Hii tutampa nguruwe ama tutampa wewe?"

Unayaosha, unayakata, unayachemsha maji yakiwa yamefunika tu. Yakilainika unayasugua kwenye chekeche mpaka mbegu zibaki juu, kwa sababu mbegu ya pera ikiingia kwenye jino la mteja hutamwona tena. Halafu sukari, kikombe kwa kikombe, moto mkali. Na mwiko uwe wa jamu peke yake. Ole wako ulete mwiko uliosonga obusuma, yaani ugali! Mama Dorika aliutambua kwa kunusa tu, na ulirudi nyumbani nao mkononi, watu wakikuona.

Na ujue kusikiliza. Jamu ikiwa bado ina maji inachemka kwa haraka, kelele nyingi. Ikikaribia inakuwa nzito na sauti inapungua, inaruka kidogo kidogo na kukuunguza mkono. Hapo unadondosha tone kwenye sahani baridi, unasukuma kwa kidole. Likikunjamana juu, epua. Lisipokunjamana, vumilia. Nilifundisha hivyo miaka yote, na kuna wanafunzi wangu wenye vipima joto vya kisasa ambao mpaka leo wanasukuma tone kwa kidole kwanza, wakiwa wamemgeuzia mkaguzi mgongo.

Tabu yetu kubwa haikuwa mapera. Ilikuwa chupa. Chupa za mdomo mpana zilikuwa adimu, na wezi wetu walikuwa watoto, kwa sababu ya mchezo wa kati. Nyinyi mnaijua kati? Brenda aliniambia aliiona kwenye video. Video! Wawili wanasimama huku na huku na mpira, mmoja anakuwa katikati. Ule mpira ulikuwa wa maganda ya mgomba, yamekunjwa, yakafungwa matambara, yakakazwa kwa kamba ya katani mpaka ukirushwa unaimba. Wa katikati kazi yake ni kujaza chupa mchanga. Anachota kwa kiganja, anamimina, anaruka mpira, anachota tena. Akiijaza mpaka shingoni, akaimwaga yote na kuvuka juu yake akihesabu, ameshinda. Akipigwa, ametoka. Sasa chupa nzuri kwa kati ni ipi? Ya mdomo mpana. Ya jamu.

Mwanzoni tuliwakimbiza na fimbo. Walikimbilia kwenye mipera, wakapanda juu, wakatutupia maganda. Mama Dorika alitazama vita hivyo wiki nzima, halafu akawaita. Hakupiga kelele. Aliwaambia, "Mnachukuanga chupa zangu. Sawa. Jumamosi nirudishieni zikiwa zimeoshwa, na kila chupa nitalipa povu." Povu ni lile linalokaa juu ya jamu ikichemka, la waridi, tunaliengua kwa kijiko ili chupa iwe safi. Basi kila Jumamosi ya msimu watoto walipanga mstari mlangoni, chupa mkononi, zimesuguliwa kwa majivu zikang'aa kuliko tunavyoziosha sisi, na kila mmoja akapewa povu la moto kwenye kipande cha jani la mgomba. Baadaye walianza kutuletea chupa ambazo hata hazikuwa zetu. Hatukuuliza zilitoka wapi.

Binti yangu Mmbone alikuwa hashikiki kwenye kati. Alikuwa mwembamba, anajipinda, mpira unapita kwapani. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi nikimwangalia anajaza chupa, na mara mbili nimeunguza jamu kwa sababu hiyo. Nasema haya ili mjue kwamba kiwanja kile nilikipenda. Sikuwa mgeni.

Sasa kosa langu la kwanza. Nataka mlicheke, maana la pili halichekeshi.

Mwaka mmoja Mama Dorika alikwenda matanga kwao akakaa wiki. Aliniachia jiko. Mapera yalikuwa mengi yanaanguka, na sukari ya kiwandani haikupatikana dukani. Mimi kwa ujanja wangu nikaenda kwa jirani mwenye kinu cha sukari guru, nikaleta mafungu, nikayaponda, nikapika nayo. Jamu ikatoka nyeusi, inanukia moshi, na mimi nikajiona fundi. Tukajaza chupa, tukaziba kwa nta ya mishumaa, tukazipanga kwenye kabati la kanisa zikisubiri Jumapili ya mavuno.

Jumapili hiyo mhubiri alikuwa katikati ya mahubiri, ametulia kwenye neno la toba, tukasikia kabatini: pah! Akanyamaza. Akaendelea. Pah! Pah! Mzee Zakayo, aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi wa shule na mtu wa heshima zake, suti na saa ya mnyororo, alishuka akalala chini ya benchi akidhani ni bunduki. Mke wake akamvuta koti: "Baba, toka huko, ni jamu." Nta zilikuwa zinaruka moja baada ya nyingine, na jamu yangu inatiririka chini ya mlango wa kabati ikitoa povu. Mama Dorika, aliyekuwa amerudi jana yake usiku, aliinuka, akachovya kidole, akanusa. Akanigeukia mbele ya kanisa zima na ile sauti yake ya chini. "Rasoa, mwanangu, wewe umepika pombe ya busaa. Na umeiweka kwa nyumba ya Mungu."

Tulicheka mpaka mhubiri naye akaacha. Lakini Jumatatu aliniketisha akanieleza. Sukari guru ina maji yake na taka zake, kikombe chake hakina nguvu ya kikombe cha sukari ya kiwandani, na jamu ikikosa nguvu hiyo inachacha. "Bora uache mapera yaoze chini," aliniambia, "kuliko kumuuzia mtu kitu unajua hakitadumu." Tangu siku hiyo niliogopa kukosa sukari kuliko nilivyoogopa kukosa kuni, kuliko kitu chochote. Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka nilikokwenda.

Maana ile ilikuwa miaka ya miwa. Nyinyi mmeikuta miwa imechoka, hamjui ilipoingia ilivyoingia. Ilikuja na trekta, na mbolea, na mikataba, na kila boma likaitaka. Mtu aliyevuna mara ya kwanza alirudi na bati na redio, na jirani yake hakulala. Watu waling'oa mihogo. Waling'oa migomba. Waling'oa mapera, maparachichi, zambarau, hata miti ya kivuli mbele ya nyumba, miwa ikafika dirishani ukifungua dirisha jani linakukata. Watoto wakaanza kula unga wa dukani katika mashamba ambamo babu zao waliuza mahindi. Na hakuna aliyelazimishwa! Nilimwona mtu anakata mpapai uliozaa, ana haraka kana kwamba mpapai umemtukana.

Na kituko chenyewe, kile ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa peke yangu naongea kwa sauti: miwa inapita mlangoni trela kwa trela, watoto wanachomoa vipande nyuma, barabara yote inanata, na sukari hakuna. Sisi tunaolima sukari tunaitafuta! Nilikuwa naamka alfajiri nakwenda Kakamega mjini kusimama kwenye foleni. Mwenye duka anatoa kilo moja kwa mtu mmoja, na hupewi hiyo kilo mpaka ununue na majani ya chai na viberiti. Nilikuwa na viberiti nyumbani vya kuchomea msitu wa Isecheno wote. Narudi na kilo mbili tatu nilizopata kwa kuzunguka foleni nikibadilisha leso, nakuta mapera yameoza kikapuni. Nililia mara nyingi kwa ajili ya sukari. Nawaambia ukweli, nililia.

Basi Mzee Zakayo akaitisha mkutano wa wazazi pale kiwanjani. Hakuna mtu wa sukari aliyekuwepo. Andikeni hilo. Hapakuwa na hata mmoja. Tulikuwa sisi kwa sisi, mabenchi ya shule yametolewa nje, watoto wameambiwa wachezee upande wa chini. Zakayo alitaka kiwanja kiingie miwa, shule ijenge madarasa. Wanaume waligawanyika karibu nusu kwa nusu, kwa kuwa walimu na wazee kadhaa walikataa katakata. Kwa hiyo akatugeukia sisi wa jiko, benchi zima, kumi na wawili.

"Akina mama," alisema, na alisema kwa adabu, "nyinyi mnasumbukanga na sukari, kila mtu anaona. Kiwanja kikiingia miwa, mimi mwenyewe nitaongea na watu wa kiwandani. Gunia zitafika mpaka kwa mlango ya jiko yenu. Foleni mtasahau."

"Na mapera?" Mama Dorika aliuliza.

"Ai, Mama Dorika! Mapera ni kitu ya ndege. Nani amekosa mapera kwake?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, wajukuu. Nilijua kwangu sina hata mpera mmoja, mume wangu alikuwa ameing'oa yote mwaka uliotangulia. Lakini nilijisemea, kwa wenzangu wa jiko iko, kwa Mama Ayubu iko. Kwa akina Truphena iko. Tutachuma huko.

Mama Dorika alisimama. "Mimi nakataa. Hapa ni mahali ya watoto kuchezea, na haya mapera ndiyo jiko. Hakuna jiko lingine." Halafu akaniangalia mimi. Wote walijua kwamba yeye akichoka, mwiko ule mkubwa ni wangu. "Rasoa, sema."

Nilitazama chini. Nilikuwa nafikiria gunia. Gunia zima, limeketi mlangoni, kavu, na mimi sijaamka alfajiri. Zakayo akasema, "Wanaokubali wainue mikono." Na mimi nikainua.

Wenzangu kumi walikuwa hawajainua. Waliangalia mkono wangu kwanza. Halafu mmoja akainua, na mwingine, benchi lote, isipokuwa yeye. Zakayo akahesabu kwa kidole, akasema wengi wamekubali, tukaomba tukaenda nyumbani. Hakuna jina lililoandikwa. Ndiyo maana leo ukimuuliza mtu yeyote wa rika langu atakuambia yeye hakuwepo siku ile, alikuwa amekwenda kliniki. Kliniki ilijaa siku hiyo, jameni! Watu wote wa hapa walikuwa wagonjwa!

Mashoka yalikuja kabla ya trekta. Mapera yalikuwa mabichi, bado wiki nyingi. Watoto walidhani ni sikukuu, mipera inaanguka na matunda yote yanafikiwa na mkono, wakarushiana mapera mabichi siku nzima wakipiga kelele. Mmbone alinijia jikoni amekunja sketi imejaa, anahema. "Mama, pika!" Nikamwambia hayo hayapikiki, ni machungu, hayana kitu. Akayatazama, akayamwaga mlangoni. Kisha akaniuliza, "Kesho tutachezea wapi?" Nikamwambia, "Chezeeni nyumbani." Nyumbani wapi? Kwetu miwa ilikuwa imefika ukutani. Nilimjibu mtoto wangu upumbavu na nilijua ni upumbavu wakati unatoka mdomoni.

Na miwa si mahindi, kwamba utavuna mwaka huu ubadilishe mawazo. Inakaa karibu miaka miwili ndipo ikatwe, ikikatwa inachipuka tena, ikikatwa inachipuka tena. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule alimaliza shule ya msingi hajawahi kukimbia mahali palipo wazi isipokuwa barabarani. Kati ilikufa. Haikuzuiwa na mtu. Ilikosa mahali.

Zakayo hakutudanganya. Hilo nalo liandikeni, kwa sababu ingekuwa rahisi kama angetudanganya. Msimu uliofuata, siku ambazo mapera hukomaa, trekta lilisimama mlangoni mwa jiko likashusha magunia mawili ya sukari. Tulipiga vigelegele. Truphena alikumbatia gunia. Mama Dorika alikuwa ndani tangu asubuhi, amewasha moto, amechemsha chupa zote na kuzipanga kwenye kitambaa safi, kama kila mwaka. Alitoka akifuta mikono, akasema, "Sawa. Leteni mapera."

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Mimi nilifikiri tutachuma kwa Mama Ayubu," nikasema.

Mama Ayubu akanitolea macho. "Kwangu? Kwangu tulitoa yote. Mimi nilijua iko kwa Truphena."

"Yetu ilitoka siku moja na yenu," Truphena akasema. "Si nyinyi mlisema iko kwa kina Rasoa?"

Tukazunguka hivyo benchi nzima. Wanawake kumi na mmoja walioinua mikono, na kila mmoja alikuwa ameinua akitegemea mapera ya mwenzake. Katika maboma yetu yote hapakuwa na mpera. Ile ya kiwanjani ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na hatukujua, kwa sababu hakuna aliyetaka kusema mbele ya wenzake kwamba kwake imekwisha.

Moto ulikuwa unawaka. Mtu mmoja, nadhani ni mimi, akauliza, "Sasa tupike nini?"

Mama Dorika alifungua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya gunia.

"Pikeni sukari," alisema, akaenda kwake.

Hakurudi jikoni tena. Alinisalimu kila Jumapili mpaka alipofariki, aliniuliza habari za Mmbone, hakunisema hata siku moja, na ningefurahi mara mia kama angenitukana. Magunia tuligawana. Mwaka ule tulikunywa chai tamu sana hapa. Baada ya mwaka jiko liliezuliwa bati, na mimi nikaenda kutafuta kazi mjini, nikafundisha wanawake wa mbali kupika mapera ambayo nilinunua sokoni, yaliyotoka kwa watu ambao hawakuwa na akili ya kupanda miwa kama sisi.

Kwa hiyo mkiandika "wakakinyang'anya" mnanichoma. Watu wa sukari walikuja baada ya kuitwa, wakalima walipoonyeshwa. Mna haki ya kuwakasirikia kwa mengine mengi, na mkitaka nitawasaidia kuyaandika, nina wino. Lakini hili si lao. Kwenye benchi letu mnawafuta watu kumi na mmoja waliokuwa na mikono mizima, na mnamfuta yule mmoja aliyekataa, ambaye ndiye pekee anayestahili kuwa kwenye kijitabu chenu, na jina lake halimo hata mara moja! Mmeweka tangazo la fundi cherehani, Mama Dorika hamkumweka!

Na hamuandiki bure. Msijitie hamnazo mbele yangu. Nimesikia. Miwa ya kiwanjani imekatwa mwezi uliopita, mashina yamezeeka, mkataba umekwisha, na Jumamosi kamati ya shule inaitisha wazazi kuuliza kama ipandwe upya. Wazazi wenyewe sasa ni nyinyi. Nimesikia pia kuna ahadi nzuri, safari hii ni kompyuta. Watoto wanacheza mpira penye kituo cha bodaboda, wiki iliyopita nimeona msichana anachomoa mpira chini ya lori linalonguruma, na nyinyi mnangoja kupiga hesabu ya kompyuta.

Siwezi kuwazuia. Mimi si mzazi wa shule tena, sina kura. Lakini ninyi vijana mnajua kuandika, mmenionyesha. Basi Jumamosi nendeni na hili daftari. Mwenyekiti akisema wanaokubali wainue mikono, msikubali ahesabu kwa kidole. Simameni mwombe kila mtu ataje jina lake, andikeni aliyekubali upande huu na aliyekataa upande ule, na orodha hiyo ibandikwe mlangoni mwa darasa la kwanza, ili mtoto akijua kusoma aisome.

Na ukurasa wa tisa muutoe. Wekeni pale orodha ya benchi letu sisi wa jiko, katika mkutano ule wa kwanza. Upande wa waliokataa, andikeni Dorika. Upande wa waliokubali nitawatajia wote, nawakumbuka mmoja mmoja na mahali walipoketi, na watoto wao wakija kunigombeza waje. Lakini aliyeinua mkono kabla ya wengine kwenye benchi lile ni Rasoa. Anzeni na mimi.